Kabla ya kufuta diski, tuulize: amana hii ni ya nani?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wapenzi, katika safu hii tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, ndoa, mirathi na uendeshaji wa misikiti yetu. Leo tunaomba mtuvumilie tukiingia katika jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni namna ya kuitayarisha diski ya kompyuta ili ibebe mfumo endeshi wa seva, hasa pale mashine moja inapotakiwa kubeba mifumo miwili iliyo tofauti. Tumelileta kwa sababu limetufika wenyewe hapa Singida, na gharama yake tumeilipa. Ni vyema aliyejikwaa awaonye walio nyuma yake.

Msikiti wetu ulipewa na mfadhili mmoja kompyuta kubwa iliyokwisha kutumika, yenye diski moja ya terabaiti moja. Mweka hazina wetu, mzee tunayemheshimu sana, aliitumia kwa programu ya hesabu iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya Windows Server. Humo yaliwekwa majina ya kaya zinazochangia mfuko wa mazishi, michango ya kila mwezi, na ada za shule za mayatima wawili wanaosomeshwa na jamaa wa msikiti. Kompyuta ilipoingia, daftari la karatasi tuliliacha. Tulijiona tumeendelea.

Baadaye walimu wa madrasa walileta ombi jema. Walitaka kompyuta ileile iwe pia maktaba ya wanafunzi, yaani seva inayohifadhi visomo vya Qur'ani, vitabu vya fiqhi na lugha, na nakala ya kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila intaneti kupitia programu ya Kiwix. Mkongo wa taifa wa mawasiliano unapita mkoani kwetu, lakini mkongo kupita barabarani hakumpi bando mtoto wa mkulima wa alizeti. Seva iliyomo ndani ya madrasa huwahudumia watoto wote bila kununua bando. Kwa kazi hiyo walimu walichagua mfumo wa Ubuntu Server, ambao ni wa familia ya Linux na hutolewa bure.

Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, alitayarisha flashi yenye mfumo huo. Tulikaa naye jioni moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Programu ya kusakinisha ilifika mahali pa kuuliza mfumo uwekwe wapi, na chaguo lililokuwa limekwisha kuwekewa alama lilikuwa kutumia diski yote. Ikaonya kwamba vilivyomo vitapotea, ikataka uthibitisho. Kijana alitutazama. Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, nasi tukamwambia, "Endelea, mwanangu." Aliyetoa idhini, basi, hakuwa kijana. Ni sisi tunaoandika safu hii.

Tuliporudi baada ya sala, Ubuntu ilikuwa imekaa vizuri mno. Tukaanza hata kuipakia vitabu. Siku ya pili mzee wetu mweka hazina alipokuja kuweka michango, hakuikuta Windows, hakuikuta programu yake, wala hakulikuta jina hata moja.

Juma moja baadaye kulitokea msiba upande wa Mandewa. Mjane akatuma watu kutuarifu kwamba marehemu mumewe alikuwa amekamilisha michango yake yote, na kwa mujibu wa utaratibu wetu alistahiki sanda, gharama za kaburi na usafiri. Hakuwa na stakabadhi mkononi, kwani marehemu ndiye aliyejua zilipowekwa. Nasi hatukuwa na kumbukumbu. Janaza haingojeshwi. Wajumbe walitoa fedha mifukoni mwao, maiti ikazikwa kabla ya Alasiri, lakini usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Mchango wa mtu wa miaka mingi ulikuwa umegeuka kuwa neno la mjane dhidi ya ukimya wa mashine.

Katika kikao kilichofuata baada ya Isha, mjumbe mmoja alisema hii ni kudura na mashine huharibika. Sheikh wetu akatukumbusha msingi unaofahamika katika fiqhi, kwamba mwenye kushika amana halipi kinachopotea bila kosa lake, lakini akifanya uzembe, yaani tafriti, basi ana dhamana. Akauliza maswali matatu: "Je, mlikuwa na nakala mahali pengine? Je, mlionywa kabla ya kufuta? Je, mlikuwa na haraka ya lazima?" Majibu yalikuwa hapana, ndiyo, hapana. Akasema kompyuta haikuharibika, ilitii ilichoamrishwa. Kwa hiyo kamati ikakubali kwamba kila mwenye dai la haki ambalo kumbukumbu zake tumezipoteza sisi, hatutamtupia yeye mzigo wa ushahidi kana kwamba kosa ni lake. Atasikilizwa, jirani zake wataulizwa, na pengo litakalobaki litajazwa na wajumbe.

Ilituchukua mpaka baada ya Idi kulirudisha daftari. Ilipatikana flashi ya zamani yenye nakala ya miezi minane nyuma. Vilipatikana vishina vya stakabadhi katika gunia la mzee wetu, ambaye tulikuwa tukimtania kwa kutunza makaratasi. Kaya nyingine zilileta stakabadhi zao kutoka chini ya magodoro, na ya yule marehemu wa Mandewa ilikutwa ndani ya msahafu wake. Allah amlaze mahali pema.

Sasa tuseme yale ambayo laiti tungeyajua mapema.

Diski ya kompyuta ina jedwali linaloonesha imegawanywa sehemu ngapi, na kila sehemu inaanzia na kuishia wapi. Sehemu hizo mafundi huziita patisheni. Jedwali la zamani, liitwalo MBR, lilianza na kompyuta za mwaka 1983. Huruhusu patisheni kuu nne tu, na haliwezi kuhudumia diski inayozidi terabaiti mbili hivi. Jedwali la kisasa huitwa GPT, ambalo kwa kawaida lina nafasi ya patisheni 128 na halina kikomo hicho cha ukubwa. Anayetaka mifumo miwili katika mashine ya miaka hii na atumie GPT, na mifumo yote miwili aisakinishe kwa njia ileile ya kuwaka, ile iitwayo UEFI. Mmoja ukisakinishwa kwa njia ya zamani na mwingine kwa njia mpya, kuwasha kompyuta huwa mtihani wa kila siku.

Ndani ya kila patisheni kuna mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kukumbuka faili lipo wapi. Windows hutumia NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993. Linux mara nyingi hutumia ext4, iliyokamilishwa mwaka 2008. Linux huweza kusoma NTFS, lakini Windows peke yake haisomi ext4. Hapa pana mtego. Windows ikikutana na sehemu ya ext4 huweza kumwambia mtumiaji kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Asiyejua hukubali, kumbe humo mlikuwa na maktaba ya madrasa nzima. Kutoweza kusoma kitu si dalili kwamba kitu hicho ni tupu.

Tufahamu pia tofauti ya seva na kompyuta ya nyumbani. Nyumbani mtu anaweza kuweka mifumo miwili katika diski moja, akachagua mmoja kila anapowasha. Lakini mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja, kwani mmoja ukiamka mwingine umelala. Seva kazi yake ni kukaa macho ikihudumia wengine. Kwa hiyo anayetaka mifumo miwili ya seva ajiulize kwanza kama huduma zote mbili zinahitajika saa ileile. Zikihitajika, dawa yake ni mashine mbili, au kutumia kompyuta pepe, ambapo mfumo mmoja hukaa chini ukaibeba mingine juu yake kama nyumba yenye wapangaji. Programu ya Proxmox, iliyojengwa juu ya Debian, hufanya kazi hiyo bila malipo ya lazima, ila inataka prosesa yenye uwezo huo na RAM ya kutosha. Zisipohitajika kwa pamoja, basi kupokezana kunatosha.

Baada ya maelezo hayo, huu ndio utaratibu ambao kamati yetu imeuandika na kuubandika ukutani.

Kwanza, ijulikane diski ina nini na ni mali ya nani. Fundi asiguse chochote mpaka mwenye data na mjumbe mmoja wa kamati waseme kwa maandishi kwamba kila kinachotakiwa kimenakiliwa. Na nakala haihesabiwi kuwa nakala mpaka ifunguliwe katika kompyuta nyingine na kuonekana kwamba inasomeka. Flashi zenye majina mazuri na ndani yake faili zilizooza zimewaliza wengi.

Pili, afya ya diski ipimwe. Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za hali yake, kama vile saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Katika Linux programu ya smartctl huzisoma taarifa hizo. Diski iliyoanza kuhamisha sehemu zake mbovu kwa wingi isipewe amana yoyote, hata kama inatolewa bure.

Tatu, diski iliyotoka kwa mtu mwingine isafishwe kwa ukamilifu. Tulinunua diski ya pili, iliyokwisha kutumika, kwa muuzaji tusiyetaka kumtaja. Tulipoichomeka tukakuta picha za harusi na vyeti vya watu tusiowajua. Suratu Nur imetufundisha tusiingie nyumba za watu bila idhini, nasi tuliona kwamba kuendelea kupekua humo ni kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma. Tukafunga, tukafuta. Wasomaji wajue kwamba kufuta faili kwa njia ya kawaida, au kufomati kwa haraka, ni sawa na kung'oa ukurasa wa fihirisi ilhali kurasa nyingine za kitabu zimebaki, na mwenye ujuzi anaweza kuzisoma. Diski ya sahani inayozunguka huandikiwa sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha, na kwa diski ya terabaiti moja kazi hiyo huchukua saa mbili, tatu au zaidi. Diski zisizozunguka, ziitwazo SSD, husafishwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji wake, kwa kuwa kuandika juu yake kwa kawaida hakufikii kila chembe. Nasi tunapouza au kugawa kompyuta zetu za zamani tufanye hivyohivyo. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na daftari la majina ya waumini na watoto wao ni taarifa za watu kama zilivyo nyingine.

Nne, mfumo wenyewe utoke katika chanzo chake. Faili la kusakinisha lipakuliwe kwa watengenezaji, kisha lipimwe kwa alama yake ya uthibitisho, ambayo ni mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi uitwao SHA256. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Wanazuoni wetu hawakuipokea hadithi bila kuchunguza sanadi yake, na sisi hatuna sababu ya kupokea programu kutoka flashi ya mtaani bila kujua imepita mikononi mwa nani.

Tano, kila mfumo upewe diski yake ikiwezekana, na wakati wa kusakinisha mmoja, waya wa diski nyingine uchomolewe. Kitu ambacho mashine haikioni haiwezi kukifuta. Hatua hii haigharimu hata senti moja, na lau tungekuwa na diski mbili jioni ile, tungekuwa tumesalimika.

Sita, ikiwa hapana budi mifumo miwili ikae katika diski moja, Windows itangulie na Linux ifuate. Windows ikija nyuma hupenda kuukalia mlango wa kuwashia kompyuta na kumfanya mwenzake asionekane, ilhali Linux ikija nyuma huweza kumwonesha mwenzake katika orodha. Patisheni ndogo ya kuwashia, iitwayo EFI, iwe na nafasi ya kutosha. Nusu gigabaiti hadi gigabaiti moja huondoa usumbufu wa baadaye. Windows Server 2022 inataka angalau gigabaiti 32 za diski, lakini huo ni upungufu wa mwisho kabisa, kwani mfumo hukua kwa masasisho. Aipe mara mbili au tatu ya hapo. Mahali pa kuchagua nafasi ya kusakinisha, mtu achague mwenyewe kwa mkono, asome ukubwa wa kila sehemu kwa sauti, na mtu wa pili athibitishe.

Saba, data isikae pamoja na mfumo. Mfumo endeshi ni kama nyumba ya kupanga, ipo siku utauhama. Windows Server 2012 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. CentOS 7 ya familia ya Linux ilifika mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hupewa masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Kwa hiyo hakuna mfumo utakaowekwa leo ukadumu daima. Daftari likiwa katika diski yake lenyewe, siku ya kuhama utabadilisha mfumo bila kugusa haki za watu.

Nane, umeme. Kugawa patisheni kukikatizwa katikati, jedwali la diski huweza kuharibika. Kazi hii ifanywe seva ikiwa imeunganishwa na UPS yenye betri nzima, na isifanywe siku ambayo umeme unakwenda na kurudi. Na kwa sisi wa Singida, upepo wa kiangazi na vumbi lake ni adui mwingine, basi kompyuta ifunguliwe na kupulizwa kabla haijapewa kazi ya usiku na mchana.

Tisa, kosa likishatokea, zima mara moja. Fundi tuliyempelekea diski yetu alitueleza kwamba madhara makubwa tuliyafanya baada ya kosa la kwanza, pale tulipoendelea kuandika mfumo mpya na vitabu juu ya data ya zamani. Alirudisha mafaili machache yasiyo na majina, na mengine yakawa yamekwenda.

Ndugu wasomaji, lipo jambo jingine lililojitokeza katika mtihani huu. Tulipotaka kuirudisha Windows Server, tuligundua kwamba ile iliyokuwamo mwanzo haikuwa na leseni halali. Kikaoni pakawa na kauli mbili. Wengine walisema kampuni yake ni tajiri na haitahisi lolote. Wengine wakasema msikiti hauwezi kuweka hesabu za zaka na mazishi ndani ya kitu kilichopatikana kwa kuvunja masharti ya mwenyewe. Sheikh wetu akarejea aya ya kwanza ya Suratul Maida, inayowaamrisha walioamini kutimiza mikataba, na akasema aya haikuwatoa matajiri. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti akajitolea kulipia leseni kama sadaka, Allah amzidishie. Asiyeweza kulipa ana njia halali iliyo wazi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na Debian iliyoanza mwaka 1993, hutolewa bure na kwa idhini ya wenyewe. Wala si mambo ya mbali nasi, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Umaskini haujawahi kuwa udhuru pale ambapo halali inagawiwa bure.

Leo seva yetu ina diski tatu. Ya kwanza ina Ubuntu Server na maktaba ya madrasa. Ya pili ina Windows Server ya mweka hazina. Ya tatu ina daftari peke yake, imefungwa kwa nywila, na maktaba ya watoto haiifikii. Kwa sasa mifumo inapokezana. Siku za masomo Linux ndiyo inayowaka, na Jumapili mchana, wakati hakuna darasa, mzee wetu huwasha upande wake. Tukipata RAM ya kutosha, inshaallah, tutahamia kompyuta pepe.

Zaidi ya hayo, kila mwisho wa mwezi hutolewa nakala mbili za daftari. Moja hukaa nyumbani kwa katibu na nyingine nyumbani kwa mjumbe wa mtaa mwingine. Na karatasi tumezirudisha. Kila mchango huandikwa katika daftari la mkono kabla ya kuingizwa katika kompyuta, na kila kaya hupewa stakabadhi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Tulikuwa tukiisoma, tukidhani tumeitekeleza kwa kununua programu.

Tukumbuke historia ya kitabu chetu wenyewe. Walipokufa mashahidi wahifadhi wengi katika vita vya Yamama, Abubakar Siddiq (r.a.), kwa ushauri wa Umar (r.a.), alimwagiza Zaid bin Thabit (r.a.) kuikusanya Qur'ani katika maandishi. Kurasa hizo zikaja kutunzwa na Mama wa Waumini Hafsa (r.a.), na katika zama za Uthman (r.a.) zikanakiliwa misahafu iliyopelekwa katika miji mikuu ya Waislamu. Allah ameahidi kuihifadhi Qur'ani, na pamoja na ahadi hiyo maswahaba hawakuacha kuandika, kutunza na kunakili. Sisi ambao madaftari yetu hayana ahadi kama hiyo tunapata wapi ujasiri wa kuwa na nakala moja?

Kwa wazazi, tuna maneno mawili. La kwanza, mkiwa na kompyuta nyumbani yenye picha za wazee waliotangulia, hati za viwanja na vyeti vya watoto, msimruhusu mtu yeyote, awe fundi au kijana wenu mpendwa, kubadilisha mfumo wake kabla ya nakala kutolewa na kufunguliwa mahali pengine. Mtakaa mkijilaumu kwa jambo la saa moja. La pili, msiwazuie vijana kujifunza. Mpeni kijana wenu diski ya zamani isiyo na kitu, aigawe, aifute, aweke Debian leo na FreeBSD kesho, aharibu na kutengeneza tena. Kosa linalofanyika juu ya diski tupu ni somo, ilhali kosa hilohilo juu ya daftari la watu ni deni.

Kuhusu yule kijana wetu wa likizo, baadhi ya wajumbe walitaka asiguse tena mali ya msikiti. Tulikataa, kwa kuwa idhini ilikuwa yetu. Yeye ndiye aliyesimamia kazi yote ya diski tatu aliporudi likizo iliyofuata, na safari hii alipofika mahali pa kuthibitisha, alisimama akasema, "Baba Katibu, soma kwanza mwenyewe." Tulisoma neno kwa neno. Adhana ilipolia tuliiacha kazi ilipo, tukaenda kuswali, tukarudi kuimalizia.

Na mjane wa Mandewa? Fedha walizotoa wajumbe siku ya maziko zilirudishwa na mfuko baada ya stakabadhi kuonekana, lakini wao waliziacha ziwe akiba ya kujaza mapengo ya kaya ambazo ushahidi wao haukupatikana. Yeye anaendelea kuchangia kila mwezi. Huleta fedha, husubiri jina lake liandikwe katika daftari la mkono, hutazama linavyoingizwa katika kompyuta, kisha huomba stakabadhi. Zamani tungeona anatuchelewesha. Siku hizi tunamvutia kiti.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana na kuzifikisha kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.